“Nimewaambia Naenda Semina”: Dhana Zinazowaponza Wazazi Walio Kwenye Matibabu ya Saratani

Haipiti wiki bila mzazi aliyekaa kwenye kiti cha dripu ya kemo, yaani dawa kali za saratani, kuniambia maneno yaleyale: “Nesi, watoto hawajui kitu. Nimewaambia naenda semina.” Nimechoka kuyasikia. Semina gani hiyo inayomrudisha mtu nyumbani kila baada ya wiki tatu akitapika, na safari ya pili hana hata nyusi? Mtoto anajua kuna jambo. Asichojua ni jambo gani, na hapo ndipo anapojitungia la kwake.

Nitagusa dhana nyingine pia, lakini sitazigawia nafasi sawa. Hii ya watoto ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu wanaoieneza ni watu wenye upendo mwingi.

“Bado mdogo, haelewi. Mwache acheze”

Haelewi biopsi (kinyama kinachokatwa mwilini kupimwa maabara) wala hatua ya ugonjwa, hilo kweli. Anachoelewa ni kwamba mama anafunga mlango akipokea simu, bibi amehamia ghafla, na watu wazima wananyamaza yeye akiingia sebuleni. Mtoto ambaye hajafika miaka saba hivi bado anaamini kwamba akiwaza kitu kinaweza kutokea. Juzi alichapwa, akasema moyoni bora mama asingekuwepo. Leo mama kalazwa. Anajumlisha, anapata jibu: ni mimi. Na hatakuambia. Utaona tu ameanza tena kukojoa kitandani, au anasingizia tumbo kila asubuhi ya shule, au amekuwa mpole kupita kiasi mpaka majirani wanamsifu kwamba siku hizi ametulia. Huyo aliyetulia ndiye anayenitia wasiwasi zaidi.

Halafu siri yenyewe haikai. Wengi wanaomficha mtoto hawajamficha mchungaji, wala imamu, wala kwaya, wala kundi la WhatsApp la jumuiya. Wameomba waombewe, na wamefanya vyema. Lakini ibada inafika mwisho, mtu anashika kipaza sauti, “Tumkumbuke dada yetu anayesumbuliwa na kansa,” jina linatajwa, na mtoto yuko palepale kwenye benchi na viatu vyake vya ibada. Au mwenzake wa madrasa anamwambia wakiwa wanavaa kandambili: mama yako atakufa, nimesikia kwa mama. Siku hiyo mtoto anapata habari mbili kwa mpigo, kwamba mama anaumwa kansa na kwamba mama alimdanganya. Hiyo ya pili itamfanya asikuamini hata siku utakayorudi na majibu mazuri.

Kwa hiyo mimi nina msimamo mmoja na siubadilishi: mtoto aambiwe kabla jina lako halijatajwa mbele ya watu. Na kiongozi wako wa dini umwambie wazi kipi kisemwe hadharani na kipi kibaki kwake. Wengi wao wataheshimu. Hawakuwahi kuambiwa tu.

Wapo wanaonijibu kwamba kuutaja ugonjwa ni kuukiri, na kuukiri ni kuukaribisha. Jamani, umeshaonekana kwenye kinyama kilichopelekwa maabara. Ukaribisho gani tena? Ukiuita “kidonda” humpunguzii mtoto hofu, unamwongezea: mwezi ujao akianguka akapata kidonda cha goti, ataamini kwamba zamu yake imefika. Sema saratani, au kansa kama ndivyo mnavyoita nyumbani.

Maneno yenyewe si marefu. Kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili yanatosha haya: “Mama anaumwa ugonjwa unaoitwa saratani. Uko hapa kwenye titi. Hospitali wananipa dawa kali ya kuupiga. Dawa hiyo itaniangusha nywele na itanichosha. Hukuuleta wewe, wala hauambukizi. Siku nikitoka hospitali nitalala sana, na shangazi ndiye atakayekupeleka shule.” Hiyo sentensi ya shangazi usiiruke. Mtoto anapoogopa, swali lake la kwanza ni nani atamfungia vifungo vya shati na nani atamchukua shule. Akishajua, unaweza kushangaa akiomba ruhusa ya kutoka nje kucheza. Hajapuuza. Ameshiba kwa siku hiyo, na atarudi na swali jingine wakati unaosha vyombo.

Nywele nazo zina wakati wake. Kwa dawa kama doksorubisini na paklitakseli, huanza kutoka wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza. Mna nafasi ya kujiandaa, mtoto asikute mafungu ya nywele kwenye mto asubuhi. Mimi hupenda sana mzazi anyolewe mapema, na mtoto apewe mkasi akate mashungi ya kwanza. Ila uliza kwanza kama dawa yako inanyonyoa, si zote.

Swali la “utakufa?” litakuja, pengine mbele ya wageni. Usiape kwamba hufi, maana hiyo si ahadi iliyo mikononi mwako. Sema: “Madaktari wananitibu ili nipone. Kikibadilika chochote nitakuambia mimi mwenyewe.” Kisha ulitimize.

Sasa nije kwa ndugu zetu wa imani, kwa heshima zote. Acheni kumwambia mtoto “omba sana ili mama apone.” Najua nia ni njema. Lakini mnamtwisha mtoto wa miaka minane mzigo ambao daktari bingwa hauwezi. Akipitiwa na usingizi usiku mmoja bila kuomba, na kesho yake mama akarudishwa wodini, mnadhani atamlaumu nani? Na mama akifariki, ataishi akiamini kwamba sala zake zilikuwa hafifu. Mwambieni: “Tunaomba pamoja, Mungu anatusikia, na kupona kwa mama si kazi yako.” Mruhusuni na kulalamika. Zaburi zimejaa malalamiko, na hakuna aliyeyafuta.

Vijana wa sekondari ni habari nyingine. Hao wameshasoma jina la dawa kwenye mfuko wako na kulitafuta intaneti usiku wa manane, na walichokisoma ni kibaya kuliko hali yako halisi. Waambie aina ya ugonjwa na mpango wa matibabu, na kama daktari wako anakubali, njoo na kijana kliniki aulize mwenyewe. Tahadhari moja: binti mkubwa hugeuzwa mama wa nyumba bila mtu kutangaza. Anapika, anaogesha wadogo, anakesha na ndoo ya matapishi, halafu tunashangaa matokeo ya mtihani. Hapo ndipo jumuiya ingefaa kuingia, na kwa kawaida haijaingia kwa sababu kila mtu amesema “ukihitaji chochote tuambie” akaondoka. Mgonjwa hawezi kupiga simu kuomba mtu aje kufua. Ateuliwe mtu mmoja, si mgonjwa, agawe kazi kwa majina na siku: huyu chakula Jumanne, huyu kuwapeleka watoto shule, huyu kukaa nao siku ya dripu.

“Mwenye imani ya kweli hahitaji kemo”

Mfalme Hezekia wa kwenye Biblia aliumwa karibu ya kufa, akaomba huku akilia, akaongezewa miaka 15. Wahubiri huishia hapo. Sura hiyohiyo, Isaya 38, inasema nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Sala ilijibiwa na dawa ikabandikwa. Waislamu nao wanaijua hadithi kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Anayekuambia uchague kimoja hajakusomea yote.

Wanaonisikitisha zaidi ni wanaoacha baada ya dozi mbili tatu kwa kuwa uvimbe hauonekani tena. Uvimbe kupungua ndiyo kazi ya dawa. Seli zilizobaki huwezi kuzipapasa, na mara nyingi hata picha haizioni. Ndizo zinazofuatwa na dozi zilizobaki.

Kuhusu kufunga: Qur’ani 2:185 imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na Wakristo hawana amri ya kufunga wakiwa wanatapika. Kama unapewa dawa ya kemo iitwayo sisplatini, kukaa bila maji kunaweza kuumiza figo zako. Ongea na daktari kwanza.

“Dawa za hospitali ni sumu, mitishamba haina madhara”

Vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, inatoka kwenye ua la asili ya Madagaska, na paklitakseli ilipatikana kwanza kwenye gome la mti. Kwa hiyo hata sisi tunatumia miti, ila tunapima kiasi. Ile chupa isiyo na lebo uliyoletewa na jirani inaweza kuelemea ini ambalo tayari linahangaika na kemo, au kuivuruga dawa yenyewe. Usiponiambia unakunywa nini, vipimo vikiharibika sote tutabaki kubahatisha.

“Nisimkumbatie mtoto, nitamwambukiza au nitamdhuru”

Mkumbatie. Saratani haiambukizwi kwa kukumbatia, kulala kitanda kimoja wala kula sahani moja. Kinachohitaji uangalifu ni mkojo, kinyesi na matapishi kwa takriban saa 48 baada ya dripu, maana dawa hutokea humo: anayesafisha avae glavu, choo kifunikwe na kumwagiwa maji mara mbili, mikono ioshwe. Kunyonyesha kunasimama wakati wa kemo, na hilo halina mjadala. Mionzi ya mashine kutoka nje ya mwili haikufanyi uwe na mionzi. Ukitoka chumbani, mpakate mwanao hata saa hiyohiyo. Ni tofauti kwa aliyenyweshwa iodini yenye mionzi kwa saratani ya dundumio (tezi la shingoni). Huyo akae mbali na watoto wadogo na wajawazito kwa siku atakazopangiwa.

“Mgeni hazuiwi mlangoni”

Anazuiwa. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na bahati mbaya huo ndio wakati umati unapokuja kumwona mgonjwa, kumshika mikono na kumwombea. Anayekohoa aombe akiwa kwake, naamini inafika. Na badala ya maua, leteni kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38 ni dharura: hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usimeze panado kwanza ukasubiri asubuhi, kwa sababu itashusha joto huku maambukizi yakiendelea kukuua.

“Watoto wasichanjwe mpaka mzazi amalize matibabu”

Ni kinyume chake. Mtoto aliyechanjwa ndiye hatakuletea surua nyumbani. Asiyetakiwa kupewa chanjo hai (yenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa) ni wewe uliye kwenye kemo. Kwa mtoto, mweleze muuguzi wa kliniki kwamba nyumbani kuna mtu anayetibiwa saratani kabla hajampa ile ya polio ya matone, kwa sababu virusi vyake dhaifu hutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Kama ipo ya sindano, apewe hiyo. Na mtoto akipata tetekuwanga au surua, piga simu hospitali siku hiyohiyo. Kuna kinga tunayoweza kukupa mapema, usingoje upele uanze kwako.