Daktari bingwa mbobezi wa mimba hatarishi ni nani?

Ni daktari wa wajawazito ambao mimba yao inaweza kumdhuru mama, mtoto au wote wawili: mwenye selimundu, kisukari au ugonjwa wa moyo, mwenye mapacha wanaotumia kondo moja la nyuma, au ambaye kondo limejishikiza kwenye kovu la upasuaji wa zamani.

Njia yake ni ndefu. Tanzania husomea udaktari miaka 5, hufanya kazi mwaka 1 hospitalini chini ya uangalizi, kisha hurudi chuoni kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Akifika hapo tayari anapasua na kuzalisha. Ubobezi huja juu yake. Marekani, kwa mfano, huchukua miaka 3 mingine.

Taaluma yenyewe ni changa. Zamani mtoto wa tumboni alijulikana kwa kupapasa tumbo na kusikiliza mapigo ya moyo tu. Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zake za altrasaundi. Mwaka 1963 daktari William Liley, kule Auckland, New Zealand, alimwongezea damu mtoto ambaye hajazaliwa, kwa sindano iliyopita tumboni mwa mama, kwa kuwa kinga za mama zilikuwa zikiiharibu damu ya mwanawe. Kuanzia hapo daktari akawa na wagonjwa wawili, na dawa ya mmoja lazima ipite kwa mwenzake.

Wengi hudhani kazi yake kubwa ni upasuaji. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ni kuamua siku ya kuzaa. Chukua mama wa wiki 30: presha 160/110, protini kwenye mkojo, kichwa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli. Kifafa cha mimba kinanyemelea, na kinachoukata ugonjwa huo ni mtoto na kondo kutoka. Lakini mapafu ya mtoto hayajakomaa. Basi mama huchomwa sindano za kuyakomaza, ambazo faida yake ilioneshwa na watafiti Liggins na Howie mwaka 1972, huwekewa magnesiamu ya kuzuia degedege na kupewa dawa za kushusha presha. Daktari anatafuta saa 48 ili sindano hizo zifanye kazi. Huku akisubiri anapima chembe sahani (zinazogandisha damu), ini, figo na mapigo ya mtoto. Hali ikiharibika saa ya ishirini, anazalisha saa hiyohiyo. Hata baada ya kuzaa mama haachwi, kwani degedege huweza kuja akiwa tayari amemkumbatia mwanawe.

Mama huyo akishika mimba nyingine, ataandikiwa aspirini ya dozi ndogo kuanzia wiki ya 12 hivi. Haifuti hatari, inaipunguza. Anayefika kliniki kwa mara ya kwanza na tumbo la miezi sita amechelewa kuipata faida hiyo, na kliniki zetu zinawajua sana akina mama wa namna hiyo.

Wengine humhitaji hata kabla ya kubeba mimba. Mwenye kifafa anayemeza valproeti ni mmoja wao: dawa hiyo huweza kumlemaza mtoto katika wiki za mwanzo, mama hajajua kama ana mimba. Asiiache mwenyewe nyumbani, maana degedege nalo linaua, aende abadilishiwe.