Kwa nini maada ya giza inatafutwa chini ya ardhi?

Mi kwa miaka mingi nilijua wanasayansi wanashuka migodini kutafuta maada ya giza kwa sababu iko huko chini, kama dhahabu vile, unachimba mpaka uifikie. Na jina lenyewe linakupoteza, giza, shimo, unaona kabisa vinaendana. Kumbe wala.

Haiko chini zaidi ya ilivyo juu. Kama hesabu za wanaastronomia ziko sawa (galaksi zinazunguka kwa kasi ambayo uzito wa nyota na gesi tunazoziona hautoshi kuishikilia) basi imetapakaa kote, inapita ukutani, inapita mwilini mwako sahivi unavyosoma. Na si nyeusi pia! Haitoi mwanga wala haiuzuii, wangeiita maada isiyoonekana nisingepotea.

Sasa huko chini wanafuata nini? Utulivu tu, chembe nyingine zisiifunike ishara wanayoitafuta. Juu huku mionzi ya angani inagonga hewa na kuzaa chembe zinaitwa myuoni, zinatumwagikia usiku na mchana, kama moja kila dakika kwa kila sentimita ya mraba. Mwamba ni chujio la chai: majani yanabaki, chai inapita. Majani ndo myuoni, chai ndo maada ya giza. Kwenye maabara ya Gran Sasso kule Italia, chini ya mwamba wa mita 1,400 hivi, zinapungua karibu mara milioni.

Ditekta (kifaa cha kunasa chembe) inayoitwa LZ iko South Dakota, Marekani, karibu kilomita moja na nusu chini, ndani ya mgodi wa zamani wa, eh, dhahabu. Ina tani 10 za zenoni, gesi iliyopoozwa mpaka ikawa kimiminika. Chembe ya maada ya giza ikibahatika kugonga kiini cha atomu unatoka mmweko mdogo pamoja na elektroni chache, hizo zinavutwa na umeme kwenda juu, zikifika kwenye gesi iliyo juu ya kimiminika unatoka mmweko wa pili. Ni kama mvua ya radi, unaona mwanga, unahesabu, ngurumo inafika, ukishajua muda umejua umbali. Hapa muda unasema tukio limetokea kina gani, na la pembeni linatupwa, maana hata metali ya tangi ina mionzi yake kidogo.

Mpaka leo hakuna ugunduzi uliokubalika. Wenzao wa jaribio la DAMA, kulekule Gran Sasso, wanaotumia fuwele badala ya zenoni, wanadai miaka mingi kwamba wanaona ishara inayopanda na kushuka kwa majira, ila majaribio ya COSINE-100 ya Korea Kusini na ANAIS ya Hispania walitumia fuwele za aina ileile ya DAMA na hawakuiona.

Cha kuchekesha, mwaka 2024 XENONnT na PandaX-4T, ditekta nyingine za zenoni, walitangaza dalili za nyutrino za jua (chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu) zikigonga zenoni kwa namna ileile inayotarajiwa kwa maada ya giza. Na hizo chujio haliziwezi, hata uchimbe utokee upande wa pili wa dunia.