Pembe za mbawakawa: kipimo unachochagua ndicho kinachokupa jibu

Samadi ya ng'ombe kwenye malisho ya Kabare, karibu na Bukavu, inamtosha mwanafunzi wa biolojia anayetaka kujua jinsi viungo vya wadudu vinavyowiana na mwili. Humo wamo mbawakawa wa jenasi Onthophagus, na madume ya spishi zao nyingi yana pembe. Hizi hapa ni dhana nne potofu kuhusu kupima pembe hizo, kila moja na jibu langu.

"Mwenye pembe fupi bado anakua."
Hapana. Mbawakawa akishatoka kwenye pupa haongezeki tena. Udogo wake ulitokana zaidi na chakula alichopata akiwa buu.

"Uzito ndio ukubwa wenyewe."
Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote. Uzito hubadilika mdudu akishiba, jike akibeba mayai, sampuli ikikauka. Afadhali upana wa ngao ya kifua: ni gamba gumu, halivimbi kwa chakula. Tena kuna hesabu. Mwili ukirefuka mara 2 bila kubadili umbo, uzito huongezeka mara 8. Kwa hiyo, kwenye grafu ya logi (vipimo vyote viwili vikiwa vimegeuzwa kuwa logarithimu), pembe inayokwenda sawia na mwili hutoa mteremko, yaani kasi ya mstari kupanda, wa 1 dhidi ya upana wa kifua, lakini 0.33 tu dhidi ya uzito. Asiyelijua hilo atapata 0.5 kwa uzito, aandike kwamba pembe imebaki nyuma ya mwili, kumbe imeutangulia, maana 0.5 inazidi 0.33!

"Sampuli zikiwa nyingi, makosa hufutana."
Kwenye wastani, ndiyo, kama hayaegemei upande mmoja. Kwenye mteremko, la. Makosa katika kipimo cha mwili huulaza mstari wa regresheni ya kawaida (ule unaochorwa kupita katikati ya alama za grafu): ikiwa 10% ya varianzi (kipimo cha mtawanyiko) ya ukubwa imetokana na mkono wa mpimaji, mteremko wa kweli wa 1 utasomeka 0.9, hata kwa wadudu elfu. Nawasihi wanafunzi wampime kila mdudu mara mbili, siku tofauti, bila kutazama namba za kwanza. Hapo ndipo ukubwa wa kosa unapojulikana na mteremko kusahihishwa.

"Mstari mmoja ulionyooka unatosha."
Kwa Onthophagus taurus, spishi yenye asili ya eneo la Mediterania, hautoshi. Madume madogo yana vijipembe tu, makubwa yana pembe ndefu zilizopinda, na alama kwenye grafu hujipanga kama herufi S. Mstari ulionyooka hapo hutoa mteremko usio wa madume madogo wala wa makubwa.