Kiungo Kisicho na "Kwa Sababu"

Kila Julai, upepo wa Dodoma unapoanza kutuletea vumbi mpaka kwenye vikombe vya chai, mimi huumwa kichwa na kukosa usingizi. Kwa miaka mingi niliulaumu upepo. Kazi yangu ni ushauri nasaha, yaani kutwa nzima nawauliza watu, "Unadhani hili limeanzia wapi?" Mwenyewe sikuwahi kujiuliza.

Jibu nilikuja kulikuta kwenye simu. Huwa naandika dondoo fupi fupi kwenye Obsidian, programu inayohifadhi kila ukurasa kama faili la maandishi ya kawaida ndani ya simu, kwa hiyo bando likiisha kazi inaendelea. Neno ukilizungushia mabano ya mraba, mawili mbele na mawili nyuma, linakuwa kiungo cha kukupeleka kwenye ukurasa wenye jina hilo (viungo hivi si vya pilau). Uzuri wenyewe uko upande wa pili: ukifika kwenye ukurasa huo, unaweza kuona kurasa zote zinazouelekea.

Jioni moja nikafungua ukurasa wa "usingizi". Upepo ulikuwa umetajwa mara mbili. "Ada ya shule" ilikuwa imetajwa mara tisa, na nyingine zilikuwa za Januari, wakati mvua inanyesha na vumbi hakuna. Shule zinafungua Januari, zinafungua tena Julai. Nilicheka peke yangu.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaokuja kwangu kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, wana shida ya aina nyingine. Simu imejaa madesa na picha za slaidi, ila "Madam, nasoma lakini haikai." Haikai kwa sababu haijawahi kuitwa itoke. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana: ndani ya saa moja zaidi ya nusu ilishapotea. Kusoma tena na tena kunakupa hisia kwamba unajua. Kinachoimarisha kumbukumbu ni kujilazimisha kukumbuka bila kuangalia, na kurudia hivyo baada ya siku kadhaa.

Hapo ndipo kiungo kinapofaa. Huwezi kuunganisha dondoo mpya na ya zamani bila kujiuliza, "Hili linafanana na nini ninachokijua?" Swali hilo ndilo linaloitafutisha akili. Mwanasosholojia Niklas Luhmann, aliyefariki 1998, alifanya hivyo kwa karatasi: aliacha kadi takriban 90,000, zikielekezana kwa namba alizoandika kwa mkono. Siku hizi kuna programu zinazojitolea kukuunganishia zenyewe. Mimi nimezizima. Ukimpa mwingine akutafunie, usishangae kubaki na njaa.

Kwa upande wa hisia, naegemea kazi ya James Pennebaker wa Marekani. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1986 na mwenzake, wanafunzi waliandika kuhusu mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha jambo ambalo mimi nalithamini kuliko yote: walionufaika sana ni wale ambao, siku baada ya siku, maneno ya aina ya "kwa sababu" na "sasa naelewa" yalizidi kwenye maandishi yao.

Ndiyo maana nina sharti moja tu, na wateja wangu wamelichoka: usiweke kiungo bila sentensi yenye "kwa sababu". "Usingizi umekata, kwa sababu ada" inakupa pa kushika. "Usingizi, ada, upepo, shemeji" ni orodha ya manung'uniko, na ukiirudia kila usiku unajichimbia shimo. Mtu akiniambia anaandika kwa saa mbili kitandani kuhusu jambo lilelile na anaamka mzito zaidi, namwambia aache kwanza, tuongee. Kwa mwenye mawazo ya kujidhuru, simu iwekwe kando na atafute mtu wa kumsaidia siku hiyo hiyo. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ipo hapa hapa mjini, hata kama tumezoea kutaniana nayo.

Jingine ni siri. Simu zetu huazimwa na kila mtu, kuanzia mtoto anayetaka gemu hadi jirani anayepiga "mara moja tu". Weka nywila, na majina ya watu yaandike kwa herufi moja.

Mwaka huu ada ya Julai nilianza kuitenga Machi, kidogo kidogo. Dondoo yangu ya wiki ya kwanza shule zilipofungua inasema: "Upepo mkali. Nimelala kwa saa saba. Kichwa kizima. Mafua."