Bomba la sentimita 6 lililoua wufa yangu

Chukua wufa, yaani spika ya besi, ya nchi 12, iweke mezani bila boksi, iunge na amplifaya kisha piga wimbo wowote wenye besi nzito. Utaona koni, ule uso wake unaotikisika, inarukaruka kama samaki aliyetupwa mchangani, lakini besi huisikii. Sasa chukua plaiwudi pana, itoboe tundu la duara, uiegemeze kwenye uso wa wufa. Besi inatokea palepale, na volyumu hujaigusa.

Sababu ni kwamba koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inaacha upungufu uleule. Wimbi la sauti ya hezi 40 (mitikisiko 40 kwa sekunde) lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, kwa hiyo hewa ya mbele inawahi kuzunguka ukingo wa spika na kuziba pengo la nyuma kabla sikio halijapata kitu. Boksi linazuia mzunguko huo. Ila ukishaifungia hewa ndani, nayo inageuka springi inayoisukuma koni irudi, na hapo ndipo hesabu zinapoanza. Boksi likiwa dogo mno springi inakuwa ngumu, besi inapanda juu na kuvuma noti moja tu, ile "buu, buu, buu" ambayo jirani anaisikia kuliko wewe mwenye mziki.

Mimi natengeneza maboksi Keko, Dar es Salaam, katikati ya mafundi wa sofa na makabati. Wateja wangu wengi ni watu wa kumbi ndogo, magari ya matangazo, na vijana wa vigodoro wanaotaka singeli ifike mtaa wa tatu. Karibu kila mmoja huanza hivi: "Fundi, nina ya nchi 12, boksi lake linakuwaje?" Nchi 12 hazinisaidii chochote zaidi ya kujua ukubwa wa tundu. Wufa mbili za nchi 12 zilizonunuliwa Kariakoo duka moja, moja yaweza kutaka lita 30 na nyingine lita 90.

Ninachohitaji ni tabia ya wufa yenyewe. Mwaustralia Neville Thiele aliziweka hesabu hizo wazi mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza pale Chuo Kikuu cha Sydney miaka ya 1970. Ndiyo maana mafundi duniani kote huita vipimo hivyo kwa majina ya hao wawili. Vitatu ndivyo vinavyonisumbua zaidi: koni ikiachwa huru inapenda kutikisika hezi ngapi, ulaini wake ni sawa na lita ngapi za hewa, na ina breki kiasi gani. Wufa za bei mbaya huja na karatasi yenye namba hizo. Zetu nyingi huja na stika ya "1000W", ambayo mimi huisoma kama salamu tu.

Basi napima mwenyewe. Natoa sauti ya programu ya simu inayopiga noti moja ya hezi ninazotaka, naipeleka kwenye amplifaya, kisha kati ya amplifaya na wufa naweka rezista ya omu 100, ya wati 5 isije ikaungua. Mita naiweka kwenye volti za AC, ncha zake kwenye miguu ya wufa. Naanza hezi 100, nashuka taratibu. Namba kwenye mita inapanda, inapanda, inafika kilele, halafu inaanza kushuka. Kilele hicho ndicho mtikisiko wa asili. Wufa iliyopo mezani sasa hivi imesoma 38. Nikaifunga kwenye boksi langu la majaribio, lita 30 lisilovuja hata kidogo, kilele kikahamia 70. Gawa 70 kwa 38, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa 30: unapata lita 72 hivi, ndiyo ule ulaini wa koni kwa lita za hewa. Ni makadirio, lakini ni makadirio ya wufa hii niliyoishika, si ya stika.

Kwa mziki wa ukumbini huwa natumia boksi la bomba, si lile la kuziba kabisa. Hewa iliyomo ndani ya bomba ina uzito, hewa ya boksi ni springi, na vikikutana vinaimba kwa noti yake, kama chupa ya soda unayoipuliza mdomoni. Kwenye noti hiyo bomba ndilo linalofanya kazi kubwa na koni inatulia. Chini ya noti hiyo, koni haina tena springi ya kuishika.

Hilo nililijua kwa kulipa. Miaka yangu ya mwanzo nilitengeneza boksi la lita 60, nikachukua kipande cha bomba la choo la nchi 4 kilichobaki pembeni, sentimita 6, nikakigundisha. Lilipendeza. Usiku wa sherehe DJ akaweka mdundo wenye besi ya chini kabisa, nikasikia "ka! ka! ka!" kama mtu anagonga bati kwa nyundo. Ilikuwa koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inapiga sahani ya sumaku. Kabla ya saa sita wufa ilikuwa imekwama. Wufa yenyewe ilikuwa yangu, nilimwazima mteja mpaka yake ifike.

Baadaye ndipo nikaifanya hesabu niliyopaswa kuifanya mapema. Kipenyo cha bomba kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 23562. Gawa kwa hezi unazotaka zilizozidishwa kwa zenyewe na kwa lita za boksi. Mwisho toa kipenyo mara 0.73. Kwa lita 60, bomba la sentimita 10 na hezi 40 inakuja sentimita 17. Sentimita 6 zangu zilikuwa zimelipeleka boksi hezi 54 hivi, na mdundo wa DJ ulikuwa chini ya hapo. Ile wufa ilikuwa inatapatapa hewani bila kushikwa na kitu.

Lita 60 hizo ni za hewa tupu. Wufa, bomba na mbavu za ndani (mbao za kukaza kuta) vinakula nafasi, kwa hiyo nalenga 68. Kwa ndani ni upana sentimita 36, kina 40 na kimo 47. Shiti moja ya futi 8 kwa 4, milimita 18, inatoa maboksi mawili na vipande vya mbavu.

MDF, ile mbao ya unga wa miti uliogandamizwa, inakatika vizuri na haina sauti yake, lakini kwa unyevu wa huku pwani, na kwa boksi linalosafiri kwenye pikapu mvua ikinyesha, inaumuka kama andazi. Natumia plaiwudi ya mbao ngumu. Gundi nyeupe ya mbao kila kiungo, skrubu za kushikilia mpaka ikauke, halafu silikoni kwenye kona zote kwa ndani. Ubavu mmoja unaounganisha ukuta wa kushoto na wa kulia una faida kuliko kuongeza unene. Ligonge boksi kwa kifundo cha kidole kabla na baada, utasikia tofauti. Ndani naweka pamba ya mito ya polista. Sufi usiweke: nyuzi zake zinapeperuka, zinaingia kwenye koili.

Bomba nalikata sentimita 20 kwanza, silitii gundi. Narudi na ile simu na kushuka hezi moja moja huku nimeshika kipande cha karatasi ya sigara mdomoni mwa bomba. Mahali karatasi inapepea kwa nguvu zaidi na koni iko kimya karibu kabisa, ndipo boksi linapoimba. Likiimba chini ya 40, nakata sentimita moja, nalirudisha, najaribu tena. Likishapita juu ya 40, safari ya dukani inanihusu. Muuza mabomba ameshanizoea, ingawa bado anauliza nyumba yangu ina vyoo vingapi.