Ustaa wa uanamitindo na faragha: anayeumia ni wa katikati

Vijana wanaoniletea mikataba ya uanamitindo niwasomee kabla ya kuweka sahihi huanza na swali la pesa. Swali la faragha huja mwishoni, tena mara nyingi huulizwa na mama aliyemsindikiza mwanaye: "Wakili, huyu mtoto akishajulikana, si ndiyo basi tena?" Jibu langu huwa refu kuliko mama anavyopenda. Umaarufu huweza kufidia faragha iliyopotea, lakini kwa wachache. Wengi hauwafidii, kwa sababu wanaupata nusu.

Nusu kwa maana hii. Modo aliyefika juu kabisa anasumbuliwa sana, lakini ana geti, ana dereva, ana wakala wa kupokea simu na wakili wa kuandika barua usiku huohuo. Asiyejulikana hana hata kimoja kati ya hivyo, wala havihitaji. Kazi iko kwa wa katikati. Uso wake uko kwenye bango pale Mwenge, na yeye mwenyewe yuko chini ya bango hilohilo anagombania daladala. Watu wanamfahamu kiasi cha kumpiga picha akila chipsi mayai, lakini hakuna anayemlipa kwa kufahamika huko. Mwenye nyumba ameliona bango, kodi imepanda. Kundi la WhatsApp la ukoo limeshamkadiria mchango wa harusi kwa ukubwa wa bango, wakati yeye alilipwa mara moja tu na hela ilishaisha kabla gundi haijakauka.

Huyo ndiye ninayemwandikia. Mastaa wa dunia nitawataja kwa sababu kesi zao ndizo zilizoandikwa, na ukizisoma vizuri zinamhusu yeye kuliko zinavyowahusu wao.

Anza na Naomi Campbell, modo wa Uingereza. Februari 2001 gazeti la Daily Mirror la London lilichapisha habari kwamba anahudhuria mikutano ya Narcotics Anonymous, wale wanaosaidiana kuacha dawa za kulevya, likaweka na picha aliyopigwa kwa siri akitoka mkutanoni huko Chelsea. Alishtaki. Mahakama ya kwanza ikampa ushindi, ya rufaa ikamnyang'anya, na Mei 2004 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, ikamrudishia kwa majaji watatu dhidi ya wawili.

Watu hukumbuka kwamba alishinda. Mimi huwaonyesha wateja mambo mawili yaliyomo ndani. La kwanza, hakushinda yote. Campbell alikuwa amewahi kutamka hadharani kwamba yeye, tofauti na wenzake wengi wa kazi ile, hatumii dawa. Kwa hiyo mawakili wake wenyewe walikubali kwamba gazeti lilikuwa na haki ya kusema anatumia na kwamba anatibiwa, maana lilikuwa linasahihisha alichowaambia watu. Kilicholindwa ni undani wa tiba yenyewe: wapi, vipi, mara ngapi, pamoja na picha ya mlangoni. Hapa Bongo somo hili lina jina, linaitwa kiki. Ukitangaza penzi la uongo ili utrendi wiki ya uzinduzi, usishangae siku penzi la kweli linavunjika ukaambiwa mbona lile ulituonyesha. Mlango uliufungua mwenyewe, na hata jaji atauliza ulifunguliwa na nani.

La pili linauma zaidi. Mmoja wa majaji waliompa ushindi, Baroness Hale, alieleza kwamba kama picha ingemwonyesha Campbell akienda zake dukani kununua maziwa asingekuwa na malalamiko. Mwonekano wa mwanamitindo ni sehemu ya bidhaa anayouza, na watu watapenda kujua anaonekanaje hata akienda dukani. Yaani sheria ilimlinda kama mgonjwa. Kama modo aliyeko barabarani, haikumpa kitu. Mwanasheria anayefanya kazi na wanamitindo akilisoma hilo anajua mara moja kwamba kinga ya mteja wake haianzii mahakamani. Inaanzia kwenye karatasi.

Na fidia? Pauni 3,500. Gharama za mawakili zilizodaiwa kwa Mirror zilipita pauni milioni 1, na mzozo kuhusu gharama hizo ulifika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyotoa uamuzi mwaka 2011. Chukua sasa binti wa pale Mwenge umweke kwenye nafasi hiyo. Haki anayo ileile. Uwezo wa kuisubiri miaka mitatu ndio hana.

Iman, modo kutoka Somalia, anaonyesha upande mwingine, na kwa sisi wa Afrika Mashariki ni habari ya nyumbani. Mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Nairobi, binti wa mwanadiplomasia wa Somalia, anazungumza lugha kadhaa. Mpiga picha Mmarekani Peter Beard alimwona jijini, akamwomba ampige picha, na Iman akataka alipiwe karo ya chuo kwanza. (Nampenda kwa hilo peke yake. Wateja wangu wangekuwa wanaanza hivyo, ningefunga ofisi mapema kila siku.) Lakini alipofika New York alikuta simulizi limeshamtangulia: mchunga mifugo aliyeokotwa porini. Ilimchukua miaka kulisahihisha, na mpaka leo kuna wanaoliamini.

Watu wakisema faragha hufikiria chumba cha kulala. Historia yako pia ni sehemu ya faragha, na Iman aliporwa yake akiwa mpya kabisa, hajulikani na mtu, hana wa kumsemea. Baadaye, jina lilipokuwa kubwa, nguvu ya kufunga mlango ikaja. Yeye na mumewe David Bowie walimlea binti yao New York mbali na kamera, na Bowie alipofariki Januari 2016 dunia ilishtuka, kwa sababu saratani yake ilikuwa imefichwa wasiijue ila watu wake wa karibu. Mmoja wa wanamuziki wanaojulikana zaidi duniani aliweza kuificha saratani. Binti yetu hawezi kuficha ujauzito wa miezi minne, maana muuguzi wa mapokezi ana Instagram.

Hata huko juu ukuta una nyufa. Mwaka 2019 modo wa Marekani Emily Ratajkowski alipigwa picha barabarani New York akiwa ameziba uso kwa shada kubwa la maua. Aliiweka picha hiyo kwenye Instagram yake, na mpiga picha akamshtaki yeye kwa kukiuka hakimiliki. Kesi ilikwisha kwa makubaliano mwaka 2022. Kwetu kanuni ni ileile: kwa kawaida hakimiliki ni ya aliyepiga picha, au mwajiri wake, si ya aliyepigwa, isipokuwa mkataba useme vingine. Hili huwashangaza wateja kuliko yote. Sura ni yake, jasho ni lake, lakini ile picha siyo.

Kwa hiyo twende kwenye mkataba, maana ndiko faragha ya wa katikati inakopotelea, kimyakimya, bila paparazi hata mmoja. Kifungu chenyewe hukutana nacho hivi, karibu neno kwa neno, kwenye mikataba ya kampuni ndogo na kubwa:

"Mwanamitindo anaruhusu Kampuni, washirika wake na warithi wake kutumia picha, sauti, jina na taarifa za maisha yake kwa namna yoyote na katika chombo chochote, kilichopo sasa au kitakachobuniwa baadaye, duniani kote, bila ukomo wa muda."

Kijana husoma "picha" akaona sawa, ndiyo kazi. Mimi kalamu husimama kwenye "taarifa za maisha yake". Hapo ameruhusu tangazo liseme ana mtoto, au alitokea mtaa gani, au kwamba kupungua kwake uzito kulitokana na chai fulani. Kisha "washirika", ambao hawana majina. Kisha "bila ukomo": picha ya umri wa miaka 19 akiwa na nguo ya kuogelea itaendelea kutumika akiwa na miaka 40 na ni mwalimu mkuu. Ninachokiandika badala yake si cha ajabu: jina la kazi tu, bidhaa iliyotajwa, nchi zilizotajwa, vyombo vilivyotajwa, miezi 12, na malipo mapya wakitaka kuongeza. Halafu mstari mmoja ambao siuachi kamwe: picha isitumike kwa dini, siasa, ugonjwa, kamari wala pombe bila idhini nyingine ya maandishi. Mwaka 2013 mwanamke mmoja wa New York alijiona kwenye tangazo la idara ya serikali kuhusu haki za watu wenye VVU, likidokeza kwamba naye anavyo. Hakuwa navyo. Alipigwa picha hiyo kwa kazi nyingine kabisa, kisha ikaingia kwenye hifadhi ya picha za kuuzwa.

Kabla hata ya mkataba kuna ile kadi ya kazi, yenye picha nne na vipimo: kimo, kifua, kiuno, nyonga, kiatu. Nimeona kadi zenye namba ya simu binafsi na mtaa anaoishi binti. Kadi hiyo inatumwa kwenye usaili, anaipata mratibu, mratibu anairusha kwenye kundi lenye watu mia mbili, na kuanzia hapo simu za saa sita usiku usiulize zinatoka wapi. Weka namba ya wakala. Huna wakala, nunua laini ya pili usiyoifungulia M-Pesa, ili si kila mwenye namba aone jina lako kamili. Ni kinga ya bei ndogo kuliko zote ninazozijua, na hupuuzwa kuliko zote.

Sheria zetu zipo, tusijidharau. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 16, inatambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023 ikiwa na Tume ya kupokea malalamiko. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Wenzetu Kenya wametangulia kidogo: Septemba 2023 kamishna wao wa ulinzi wa data alikipiga kiota kimoja cha starehe cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Uzuri wa njia hii ni kwamba mlalamikaji hahitaji mawakili wa Naomi. Ubaya wake ni neno "ridhaa". Ukiwa umeshasaini kile kifungu cha hapo juu, mwenye tangazo atakuja na karatasi yako mkononi.

Je, kuna ambaye umaarufu umemlipa? Ndiyo, na si lazima awe bilionea. Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001 aliyekwenda kufanya kazi ya mitindo nje, aliamua mwenyewe kuzungumzia endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake. Alieleza maumivu na mahangaiko ya kutafuta mtoto, mambo ambayo kwetu husemwa jikoni tena kwa kunong'ona, akaanzisha na taasisi. Kitu cha siri kabisa alikitoa hadharani, na wanawake wengi walipata jina la kile kilichokuwa kinawatesa. Tofauti na picha ya Chelsea ni kwamba hapa mwenye siri ndiye aliyechagua siku, mahali na maneno.

Kwa hiyo nikiulizwa inalipa au hailipi, huwa sianzi na umaarufu. Nauliza: baada ya kazi hii utakuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuchagua nini kijulikane kuliko ulionao leo, au mdogo zaidi? Dili inayokupa hela ya kuhama chumba cha kupanga kwenye ua wa wapangaji wanane na kupata wakala wa kupokea simu, nitakwambia nenda. Dili inayokupa bango tu, ikakurudisha kwenye chumba kilekile, nitakwambia ongeza bei au uache. Mwaka mzima wa kutambulika kituoni nao ni gharama, uandikwe kwenye ankara kama nauli na vipodozi.

Jambo la mwisho, kwa kuwa limeanza kuingia kwenye mikataba inayotoka nje. Machi 2025 kampuni ya mavazi ya H&M ilitangaza kutengeneza nakala za kidijitali za wanamitindo 30 kwa akili mnemba. Jimbo la New York nalo, kwa sheria iliyoanza kutumika Juni 2025, linataka idhini ya nakala kama hiyo iandikwe peke yake, ikieleza itatumikaje, kwa muda gani na kwa malipo gani. Sisi hatuna kifungu cha namna hiyo bado, kwa hiyo kiwekeni wenyewe. Ukiambiwa usimame kwenye kamera nyingi za kukuzunguka "kwa ajili ya vipimo tu", omba karatasi tofauti na ile ya kazi ya siku hiyo. Wakikwambia haina haja, vaa viatu vyako, kaniletee mkataba, kisha ndiyo urudi.