Je, wajua kwa nini gemu ya Windows huweza kwenda vizuri zaidi pasipo Windows?

Gemu nyingi zinazochezwa kwenye kompyuta za gemu za mkononi ziliandikwa kwa ajili ya Windows. Hata hivyo Steam Deck, iliyotolewa Februari 2022 na Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, haina Windows ndani. Inaendeshwa na SteamOS, mfumo uliojengwa juu ya Arch Linux, mojawapo ya matoleo ya mfumo huru wa Linux. ROG Ally ya ASUS na Legion Go ya Lenovo zilifuata mwaka 2023, zote zikiwa na Windows 11, na ROG Ally ilikuwa na prosesa yenye nguvu kuliko Steam Deck. Ungetarajia Windows ishinde nyumbani kwake. Kisha mwaka 2025 Legion Go S ikauzwa kwa namna mbili, ya Windows na ya SteamOS, na wapimaji waliozilinganisha wakakuta gemu nyingi zinatoa fremu nyingi zaidi, yaani picha nyingi zaidi kwa sekunde, upande wa SteamOS.

Jibu linaanzia kwenye betri. Steam Deck ya kwanza ina betri ya wati-saa 40, na chipu yake hula kati ya wati 4 na 15. Tuseme chipu iko kwenye 15, na skrini, feni na Wi-Fi vinakula 8 nyingine. Hizo ni wati 23, na 40 ukigawa kwa 23 unapata saa 1 na dakika 44. Ishushe chipu hadi wati 8, jumla iwe 16, na betri ileile inafika saa 2 na nusu.

Wati hizo 15 zinagawanywa kati ya prosesa na sehemu ya michoro, maana zote mbili zimo ndani ya chipu moja. Programu inayokagua virusi, inayotafuta masasisho au inayopanga faili chinichini ikiamsha prosesa, wati moja au mbili zinaondoka kwenye michoro papo hapo. Kwenye kompyuta ya mezani inayokula wati 400 huwezi kuligundua hilo. Mkononi unaliona kama fremu zinazopungua. RAM nayo ni ya pamoja: ukitenga gigabaiti 4 za michoro kati ya 16, zinabaki 12 za gemu na mfumo mzima, na Windows ikiwa na dawati lake lote (desktop) huchukua fungu lake kabla gemu haijafunguka.

SteamOS katika hali ya gemu haiwashi dawati kabisa. Kinachochora skrini ni programu moja ndogo iitwayo Gamescope. Dawati la KDE Plasma lipo, ila linafunguka pale tu unapoliomba.

Swali linalobaki ni hili: gemu ya Windows inafanyaje kazi humo? Kazi hiyo ni ya Proton, ambayo Valve iliitoa Agosti 2018 juu ya msingi wa Wine, programu inayoziendesha programu za Windows kwenye Linux. Watu wengi hudhani Proton inaigiza kompyuta nyingine, na kwamba lazima ipunguze kasi. Sivyo. Maelekezo ya gemu yameandikwa kwa prosesa za x86, familia iliyomo kwenye kompyuta nyingi za Windows, na prosesa ya Steam Deck ni x86, kwa hiyo yanatekelezwa moja kwa moja. Proton inaingia kati pale tu gemu inapoiomba Windows kitu: fungua faili hii, toa sauti hii, chora pembetatu hizi. Maombi ya kuchora yaliyoandikwa kwa Direct3D, lugha ya kuchora ya Windows, toleo la 9 hadi 11, hutafsiriwa na sehemu ya Proton iitwayo DXVK kuwa Vulkan, lugha ya kuchora ambayo Linux inaielewa, na ya Direct3D 12 hutafsiriwa na nyingine iitwayo VKD3D-Proton. Tafsiri hiyo ina gharama, lakini mara nyingi ni ndogo kuliko kile kilichookolewa kwa kuondoa mzigo wa chinichini.

Tena mfasiri anaweza kurekebisha kasoro za anayemtafsiria. Elden Ring ilipotoka Februari 2022 ilikuwa ikikwama-kwama kwenye kompyuta, kwani katika sehemu fulani ilikuwa ikiomba maelfu ya vipande vya memori kwa wakati mmoja. Wahandisi wa Valve waliifanya VKD3D-Proton ihifadhi vipande hivyo na kuvitumia tena badala ya kuviomba upya kila mara, na gemu ikatulia kwenye Steam Deck bila waliotengeneza gemu yenyewe kugusa chochote.

Kukwama kwingine husababishwa na sheda, yaani programu ndogondogo zinazoieleza sehemu ya michoro namna ya kupaka mwanga na rangi. Kila aina ya chipu huhitaji sheda zilizoandaliwa kwa ajili yake. Kwenye Windows kwa kawaida kifaa chako huziandaa chenyewe, wakati mwingine katikati ya pambano, na hapo ndipo skrini inapoganda kwa nusu sekunde. Kwa kuwa Steam Deck zote zina chipu za familia moja, Steam hukupakulia sheda zilizokwisha kuandaliwa. Ndiyo maana unaona upakuaji mdogo kabla ya gemu kuanza. Usiuruke.

Kulala na kuamka

Kwa maoni yetu, hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko kwenye fremu. Bonyeza kitufe cha kuwashia cha Steam Deck katikati ya gemu: karibu kila kitu kinazimwa, RAM pekee inabaki na umeme. Bonyeza tena na baada ya sekunde chache uko palepale ulipoachia. Windows kwenye vifaa hivi hutumia usingizi mwepesi, ambao unaacha mtandao na baadhi ya huduma zikiwa macho. Sasisho moja linatosha kuiamsha kompyuta ndani ya begi, gemu ikaendelea kujichora gizani, na ukaitoa ikiwa moto, betri imekwisha.

Ukitumia Windows, fungua Terminal kama msimamizi uandike powercfg /a ili kuona aina za usingizi ambazo kifaa chako kinazo, na powercfg /lastwake kujua ni nini kilichoiamsha mara ya mwisho. Halafu andika powercfg /hibernate on, na kwenye mipangilio ya umeme uelekeze kitufe cha kuwashia kwenye Hibernate badala ya Sleep. Hapo yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa kwenye diski na kifaa kinazimika kweli. Kuamka kutachukua muda zaidi, lakini betri haitaliwa bure. Gemu za mtandaoni zitakatika kwa vyovyote vile, mfumo uwe huu au ule.

Kuna mpangilio mwingine unaostahili dakika moja ya kujifunza. Fremu 30 kwa sekunde maana yake kila fremu hukaa milisekunde 33.3, na fremu 60 ni milisekunde 16.7. Katikati ya hizo si 45, ni 40, kwa sababu 40 ni milisekunde 25 kamili. Yaani ukiongeza fremu 10 tu juu ya 30 umekwenda nusu ya safari ya ulaini kuelekea 60, kwa umeme mchache. Ila skrini lazima ikubaliane. Skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde, yaani ya hezi 60, haigawanyiki kwa 40, hivyo fremu moja itaonyeshwa mara moja na inayofuata mara mbili, na jicho litaona mtetemo. Kwenye Steam Deck ya kwanza fungua menyu ya pembeni kwa kitufe chenye nukta tatu, ushushe skrini hadi hezi 40. Ya OLED, iliyotoka Novemba 2023, ina hezi 90, basi 45 inaingia sawasawa. Kwenye skrini ya hezi 120, weka kikomo cha 40: kila fremu itaonyeshwa mara tatu.

Pale Windows inapobaki bila mpinzani

Usihamie Linux kabla ya kuangalia gemu zako za mtandaoni. Valorant ina ulinzi dhidi ya wadanganyifu unaoingia hadi kwenye kiini cha Windows, na hakuna Proton itakayoufungua. Fortnite haichezeki. Apex Legends ilikuwa ikichezeka, kisha ikafunga mlango Oktoba 2024, na GTA Online ilifanya hivyo mwezi mmoja kabla. Easy Anti-Cheat na BattlEye, programu za ulinzi wa aina hiyo zinazotumiwa na gemu nyingi, zenyewe zinaikubali Linux, lakini mtengenezaji wa gemu ndiye anayeamua kuiruhusu. Gemu za Game Pass, huduma ya gemu ya kulipia ya Microsoft, zinazosakinishwa kwenye kifaa nazo zinataka Windows.

Microsoft nayo haijakaa tu. ROG Xbox Ally, iliyotoka Oktoba 2025, inaanza kwenye skrini nzima ya Xbox bila kupakia sehemu kubwa ya dawati, na hilo linarudishia gemu sehemu ya RAM. Kwenye Windows ya kawaida, Microsoft yenyewe inaeleza kwamba kuzima Memory integrity, ulinzi wa kiini cha Windows, kunaweza kuongeza kasi ya gemu. Ulinzi unapungua, kwa hiyo uuwashe tena ukimaliza kucheza, na ujue kwamba baadhi ya gemu za mtandaoni hudai uwe umewashwa.

Ukiamua kuweka SteamOS kwenye kifaa kilichokuja na Windows, kwanza hakikisha chipu ni ya AMD na diski ni ya NVMe, aina ya SSD yenye kasi. MSI Claw ya kwanza, yenye chipu ya Intel, haimo. Sasisha BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, ukiwa bado ndani ya Windows, kwa kuwa watengenezaji wengi hutoa kisasishi cha Windows pekee. Nakili ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha yaliyomo kwenye diski, kwenye karatasi kabla ya kuzima Secure Boot, kizuizi cha mifumo isiyoidhinishwa, la sivyo ukibadili nia kabla ya kusakinisha Windows itaudai na hutakuwa nao. Andika faili ya SteamOS kwenye flashi ya angalau gigabaiti 8 kwa Rufus au balenaEtcher, iwashe kompyuta kupitia flashi hiyo, kisha usakinishe. Diski yote itafutwa.

Baada ya hapo programu za ziada zichukue kwenye Discover, duka la programu lililomo kwenye dawati, ambako huja kama Flatpak, vifurushi vinavyokaa nje ya mfumo. Ukizipachika ndani ya mfumo kwa pacman, kisakinishi cha Arch Linux, sasisho lijalo litazifuta, kwa maana SteamOS huhifadhi nakala mbili za mfumo na kila sasisho huandika upya ile isiyotumika.

Gemu ikigoma kufunguka, ingia kwenye Properties zake, sehemu ya Compatibility, uchague Proton Experimental, toleo la majaribio la Proton. Ikigoma bado, tatizo linaweza kuwa kwenye folda yake ndani ya steamapps/compatdata, yenye jina la namba ya gemu hiyo. Kuifuta huifanya Proton iijenge upya. Lakini fungua kwanza pfx/drive_c/users/steamuser na unakili kilichomo, kwa sababu gemu zisizohifadhi maendeleo yako mtandaoni mara nyingi huyaweka humohumo.